Majeruhi Niliyemchagua Mwenyewe

Nilimjua kwa jicho lake la kushoto, lililofumba nusu. Miaka yote ya kambi ya wakimbizi nilikuwa nikimwombea mabaya kila baada ya swala, na siku hiyo akaja kwa miguu yake mwenyewe, akiwaleta vijana wawili anaowafunza kuendesha lori. Yeye hakunijua. Nilifurahi, na furaha ile haikuwa nzuri.

Kazi yangu ilikuwa kuwafunza madereva vijana namna ya kuwaokoa majeruhi wa ajali. Nilikuwa nimejifunza kubeba majeruhi kwenye zahanati ya kambi, kisha nikaomba pikapu bovu, tukaliweka uwanjani. Mbele ya watu tulikuwa tukimtoa mtu garini kama aliyeumia kweli: mmoja ashike kichwa asikiachie, wengine wapitishe ubao mgongoni, ndipo avutwe. Wale wenye kupenda mbio niliwalaza wao ndani, waone utamu wake.

"Leo nataka mtu mzima," nikasema. "Wewe bwana, hebu njoo ulale."

Alicheka, akaingia. Nikamvisha kola ya shingo, na tulipomtoa nikamfunga mikanda kwenye ubao, nikaikaza kupita haja. Kwa kawaida majeruhi wetu hufunguliwa hapo hapo. Huyu nilimwacha juani, uso juu, nikaanza kuwasimulia vijana.

Niliwaambia kwamba vita vilipoingia Kismayu, sisi watu wa kisiwa cha Koyama tuliokuwa mjini tulipanda lori kwenda Ras Kamboni, tupate kuvuka mpaka. Dereva alikuwa kijana, shavu limejaa mirungi. Wanawake walimsihi apunguze mwendo. Mama yangu alipiga paa la lori kwa ngumi mpaka mkono ukavimba, na yule akazidi kukanyaga mafuta. Penye mchanga lori likalala ubavu, mama akabanwa. Dereva akatokea dirishani, akatutazama, akakimbilia porini. Mama akafa pale pale njiani.

"Na dereva mwenyewe ni huyu hapa," nikasema.

Vijana wake waliinama kumtazama. Nilitaka aone nyuso zao na asiweze kugeuza shingo. Nililingoja jambo hilo kwa miaka, na niseme kweli, lilikuwa tamu.

Dereva akasema, sauti imebanwa na kola:

"Nalikimbia, maalimu, sikatai. Nalijificha kichakani, nikaona. Lakini mamako alikuwa hai, alikuwa akinena. Nyinyi mkamvuta kwa mikono, mkampindua juu ya pipa, mkamkanda mgongo kama mtu aliyezama."



Kwetu visiwani tulijua ajali moja tu, ya maji. Mtu akiopolewa hulazwa kifudifudi juu ya pipa, akakandwa mgongo mpaka ateme maji ya chumvi. Siku ile, mchangani pakavu, tulishikwa na kiwewe na mikono ikafanya ilichokizoea. Mama alisema shingo yamuuma, tumwache alale. Sisi tukamwambia atulie, tunamwokoa. Aliyekuwa akimkanda ni mimi. Alinyamaza chini ya viganja vyangu, nami nikaendelea kukanda, nikingoja maji yatoke.

Sikupata kumwambia mtu, hata ndugu zangu. Lawama zote nilimtwika dereva, na chuki hiyo ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi, ndiyo iliyonipeleka zahanati kujifunza namna ya kushika shingo ya mtu.

Mmoja wa vijana wake akaniuliza, "Ni kweli, maalimu?"

"Ni kweli," nikasema.

Nilimfungua mikanda. Alikaa, akasugua shingo, akaniomba radhi mbele ya wote: kwa mwendo aliokwenda, na kwa kutukimbia. Alilia, na sikuona kwamba alikuwa akijionyesha. Vijana walinitazama wakingoja nimpe mkono.

Sikumpa. Sehemu yake ya kifo cha mama ningeweza, labda, kumsamehe baada ya miaka. Lakini nilikuwa nimemchukia yeye peke yake muda wote huo, na sasa alikuwa ameniweka nami pale pale alipo, penye lawama. Laiti angesema uongo siku hiyo, akabeba lawama yote, huenda ningemsamehe.