Neno la Kazi ya Baba

Baba alipokufa, mimi na mama tulibaki katika chumba cha nyuma ya kanisa, hapa mjini, ambacho ni cha mtumishi wa kanisa. Jumatatu moja padri mpya, Mwingereza, akaniita. Alisema baraza lingekaa Alhamisi kuamua kama mjane abaki au chumba apewe mwingine. Niandike kwa Kiingereza, mistari michache tu, kueleza kazi aliyokuwa akiifanya baba. Katika daftari lake baba aliandikwa kwa neno moja: sexton.

Shule niliiachia darasa la nne. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada niliyoinunua sokoni Darajani, na nakiri nilikuwa na kiburi nayo. Nikalitafuta neno. Kamusi ilisema ni mpiga kengele. Ikasema tena ni mchimba makaburi, tena mtunza vyombo vya ibada. Mwisho ikataja mdudu mweusi anayefukia mizoga. Mdudu huyo alininyima usingizi. Niliogopa watu wa baraza wakilisoma neno lile wasije wakamwona baba hivyo.

Basi nikaandika, nikachana. Nilitaka kila maana ipate sentensi yake, na kila sentensi isimame sawasawa. Nilieleza jinsi baba alivyochimba kaburi kwa mtaimbo, maana ardhi yetu ukishuka kidogo tu ni jiwe, na jinsi jirani zetu Waislamu walivyokuja kuuazima mtaimbo uo huo wakifiwa. Jumatano nzima iliishia kwenye aya moja. Mama alipita na ndoo akaniuliza kama bado sijamaliza. Nikamwambia bado kidogo. Alhamisi doa la wino likaangukia ukurasa wa pili. Nikaanza upya.

Nilimpelekea padri Ijumaa asubuhi. Hakunigombeza. Alisema baraza lilisubiri hadi alasiri, kisha chumba wakampa mtumishi mpya, mwenye watoto watatu. Sisi tuhame kabla ya mwisho wa mwezi.

“Nilikuomba mistari michache,” akasema, akanirudishia karatasi zangu.

Mama akataka nimsomee. Nikamfasiria zote mbili, neno kwa neno. Alisikiliza huku akikunja vitambaa vya madhabahuni alivyovifua jana yake, kama alivyovifua kila wiki tangu nipate akili.

“Baba yako kalala kitandani miaka miwili, mwanangu,” akasema. “Makaburi walichimba vijana. Kengele je, alokuwa akiipiga nani?”

Nilizitazama zile kurasa mbili. Hazikuwa na kosa hata moja, na mama hakuwamo.

Akaweka kitambaa cha mwisho juu ya vingine, akanambia nivipeleke kanisani kabla mtumishi mpya hajaja.