Shati ya Misa Chini ya Imbwa

Niwaambie mapema, ili musichoke kungojea: katika hii hadisi, mwenye akili ni imbwa. Mimi niko yule mwingine. Lakini mpaka leo, mvua ikinyesha na imbwa ya mutu ikapita karibu yangu na ile harufu ya manyoya ya kulowa, narudi mutoto pale pale, kule kwetu Tshopo, na kasirani ya zamani inapanda ku tumbo kama lituma ya moto, ile ndizi ya kupondwa.

Papa yangu alikuwa mupishi kwa muzungu mumoja, bwana ya kilimo, mutu wa kupanda mashua kila saa kwenda Yangambi. Papa alikuwa analala kule kule, katika chumba kidogo nyuma ya jiko. Mvua ikinyesha, anatia sufuria chini ya mabati ya kuvuja. Sisi tulikuwa tunamuona Jumapili tu, siku ya Mungu. Imbwa ya ile nyumba, jina yake Mignon, alikuwa analala ndani ya salon, juu ya tapi, zulia laini ya Madame. Donc imbwa alikuwa na tapi, papa alikuwa na sufuria. Wakati ule sikuona kitu pale. Niliona imbwa mwenye bahati tu.

Alafu Madame akazaa. Mutoto mwekundu kama pilipili. Madame akasema Mignon atoke, alale inje, alinde nyumba. Mignon akakataa. Usiku muzima anakwaruza mulango na kulia, mutoto anaamuka analia, Madame analia, bwana naye analia kwa Kifaransa. Ndio papa akakuja naye kwetu, kamba ku shingo, akanishika bega:

— Hii imbwa iko yako sasa. Nakuomba kitu moja tu: azoee kulala inje.

Iko yako! Siku ile nilitembea ku avenue yetu kama chef de poste, mukubwa wa serikali. Watoto wote walitaka kumugusa Mignon, na mimi nilichagua nani anawe mikono kwanza.

Lakini jioni, alilia. Aliangalia mulango wetu, aliniangalia mimi, kama vile kusema: mukubwa, iko makosa fulani hapa. Mama alisema akiendelea hivyo atamupeleka kwa wawindaji, na kule pori imbwa ya tapi haimalize juma.

Koko yangu, mama ya mama, alikuwa mutoto wa Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko. Alicheka na meno yake mawili.

— Imbwa hailale ku pahali, mutoto. Inalala ku harufu. Kwetu mutu anatandika nguo yake ya jasho pembeni ya mitego. Imbwa inalala pale, na mwizi wa samaki anapita mbali.

Bon. Nilikuwa na shati mbili: moja ya kupasuka, moja ya misa, nyeupe. Kila mutu mwenye akili angechukua ya kupasuka. Mimi nilifikiri: huyu ni imbwa ya muzungu, atalalaje juu ya matambara? Nikavaa ile ya misa, nikakimbia nayo ku jua mpaka ikashikana na mugongo, nikaitandika.

Kwanza karibu na mulango, ndani. Kesho yake ku kizingiti. Alafu ku barza, alafu chini ya mabati ya jiko. Kila jioni naisogeza kidogo, natia kipande ya samaki ya moshi juu yake, nakaa naye, namuambia: «Bakia hapa. Hapa ni kwako.» Mama alipojua ni shati gani, alinipiga na muiko wa lituma mpaka Koko akaomba muiko upumuzike. Lakini Mignon alikuwa amezoea. Mvua ilinyesha, radi ilipiga, na yeye kimya, pua ndani ya kola yangu.

Siku ya Mungu papa akakuja, akaangalia, akasema: «Umefanya kazi.» Nikafurahi. Kesho yake nilipotoka masomo, chini ya mabati hakukuwa imbwa, hakukuwa shati. Mama akasema papa amerudisha vyote kwa muzungu.

Nilienda ku nyumba ya muzungu kwa miguu, na kamba ndani ya mufuko, kumurudisha. Mignon alikuwa amelala ku barza, inje, juu ya shati yangu. Nikaita. Alipiga mukia, akakuja mpaka ku ngazi. Alafu akageuka, akaangalia shati, akarudi kulala. Alifanya vile nilimufundisha. Alikuwa na mimi tayari chini ya tumbo. Mimi muzima nilikuwa wa kazi gani?

Madame akatoka. Papa nyuma yake, na tabliye nyeupe ya kupikia ku kifua.

— Unamujua huyu mutoto?

Papa aliniangalia ku macho.

— Hapana, Madame. Ni wa kupita tu. Allez, toka!

Nilirudi na kamba yangu. Imbwa alinitupa, bon, ni imbwa. Lakini papa!

Juma ile yote sikumutaja jina. Alipokuja, nilikataa samaki, nikamugeuzia mugongo. Akakaa karibu yangu, na harufu yake ya kitunguu na siagi. Maneno aliyosema siku ile niliyasikia na masikio tu. Nilikuwa nawaza tapi, shati na imbwa tu. Ile sufuria chini ya mabati ilikuja ku akili yangu kisha miaka mingi, wakati mimi pia nilikuwa na mutoto.

— Madame anatafuta kaboyi ka kazi, ka kulinda mutoto na kulala kule nyuma, alisema. Anauliza kila siku nani alizoesha imbwa vizuri hivi. Ningesema uko wangu, angekuomba. Imbwa azoee kulala inje, bon. Wewe, sitaki uzoee.