Kitita Kilichogeuzwa Chai

Sijawahi kuwa mpenzi wa hadithi za mapenzi. Humo kila mwanamume ana meno meupe, na hakuna anayeumwa na tumbo. Hata hivyo, akina mama wanne wa kanisa letu hapa Embu tulipokubaliana kutoa kitabu kimoja, kila mtu na hadithi yake ya uchumba wa miaka ya kabla ya uhuru, nilijiunga. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Dallas hapa hapa mjini, alitupa masharti: wapenzi waokoke, harusi ifungwe kanisani, na pombe isionekane. Mwenzangu mmoja alimwokoa kijana wa hadithi yake mara tatu, nadhani kwa tahadhari.

Mimi ni mzaliwa wa Meru niliyeolewa Embu, na nyumba yangu iko mtaa wa Majimbo. Niliandika uchumba wa mama yangu bila kumtaja. Baba alimwona akichuma kahawa, akamwandikia barua. Mama hakujua kusoma, ikabidi kaka yake amsomee, naye kaka akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote wa nyumbani. Kisha wazee wa upande wa baba wakaleta kitita cha miraa, ile mirungi ya kutafuna, kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kwetu, kitita hicho ndicho posa. Baba wa binti akikifungua na kutafuna, amekubali. Asipokigusa, mnarudi mlikotoka.

Mwenyekiti aliposoma hapo alinipigia simu.

"Dada, story yako ni tamu sana, lakini hiyo ya miraa toa. Hii kitabu ni ya kanisa. Vijana wakisoma, si watasema sisi ndio tumewaruhusu?"

"Lakini hiyo ni ya posa, mwenyekiti. Si ya kukaa stage ya matatu ukitafuna."

"Weka chai. Chai haina maneno."

Nikaweka chai. Ningeweza kubishana, lakini nilitaka sana kuwemo kitabuni, na huo ndio ukweli. Katika hadithi yangu wazee wakaja na majani ya chai na sukari, baba wa binti akanywa kikombe kimoja, akatabasamu. Sikuona ubaya wowote.

Vitabu vilipotoka kuchapwa, Jumamosi nilimpelekea mama kimoja nyumbani kwake Meru, karibu na Kinoru. Macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo nilimsomea uani huku akichambua njahi, maharage meusi ya kwetu, kwa vidole. Kwenye barua alicheka mpaka akafuta machozi. Kwenye chai vidole vikasimama.

"Kitita kiko wapi?" aliniuliza kwa Kimeru.

Nikamweleza habari za kanisa na vijana. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Shangazi yako alinisema mpaka siku anakufa," akasema. "Eti nilitoroka nyumbani, nikaingia kwa kaka yake bila kuombwa. Waliomwona baba yangu akitafuna wamekwisha wote, nimebaki peke yangu. Na sasa wewe, mwanangu, umeandika kitabu kusema shangazi yako alikuwa mkweli."

Niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu utotoni. Majuto ni mjukuu, nami siku hiyo nilikuwa nimempakata. Mama akarudia njahi zake, akaniuliza kama mvua imeshika kule Embu.

Kitabu kilizinduliwa Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada. Sikutarajia mama aje, lakini ndugu yangu alimleta, akaketi benchi la mbele na fimbo yake. Kila mwandishi alitakiwa kusoma ukurasa mmoja. Mwenyekiti alikuwa amenichagulia ule wa barua, kwa sababu unachekesha.

Nilifungua ule wa posa. Nilipofika kwenye chai niliitazama, imechapwa vizuri kabisa, nikairuka.

"Wazee wakaweka kitita cha miraa mbele ya baba wa binti," nilisema.

Mwenyekiti akainama kutafuta kitu mkobani. Nyuma wazee kadhaa wakaguna kwa kuridhika, na mmoja wao najua muguka, miraa ya huku Embu, haumpiti hata siku moja. Mimi nikakwama hapo. Kilichofuata hakikuwa kwenye ukurasa.

Mama akajiinua kwa fimbo. Hakungoja kukaribishwa, na aligeuka polepole mpaka akawaelekea watu.

"Na akatafuna," akaliambia kanisa zima, kwa Kiswahili, ili Waembu nao wasikie. "Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona."