Mgonjwa wa Kitanda cha Pili

Miaka ishirini ya cherehani ilikuwa imempinda mshonaji mgongo, naye Mungu akampa binti aliyesomea kunyoosha migongo. Binti alipomaliza chuo, mama yake mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa Daktari, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mikono Myepesi.

"Nakukabidhi mtoto," alisema mshonaji. "Mshike mkono hadi asimame."

Daktari akacheka. "Mama, akitoka hapa hata ngamia atamnyoosha."

Miaka miwili ikapita. Kazi ya binti ilikuwa kupapasa wagonjwa na kuandika ni pingili ipi ya uti imekaza. Kisha Daktari anaingia, anasoma, anabonyeza mara moja, mfupa unalia ko, na mgonjwa anamshukuru yeye.

"Mama, hata mara kumi sijaachiwa kubonyeza," binti alinung'unika mezani.

"Subira, mwanangu. Mwanagenzi hapewi mkasi siku ya kwanza."

"Hii ni siku ya mia saba."

Mshonaji akabana pini midomoni ili asijibu.

Ndipo hospitali kubwa ikatafuta mtu wa migongo. Binti walimpenda, ila walitaka kwanza neno la aliyemlea kikazi. Daktari akaahidi kuandika barua, tena nzuri.

Wiki ikaisha bila jibu. Mshonaji, ambaye wasiwasi humwamsha kabla ya jogoo, akaona mgongo wake ni kisingizio cha kutosha cha kumwendea Daktari. Alifika kliniki wakati binti ametumwa kufuata picha za eksirei. Msichana wa mapokezi akamlaza kitanda cha pili, kifudifudi, uso ndani ya tundu la kupumulia lililokatwa kichwani mwa kitanda, akamfunika taulo za moto kuanzia kisogoni na kumwacha alainike.

Kutoka pale aliona sakafu tu. Vikaingia viatu vya kahawia, kamba za kushoto zimepigwa mafundo mawili. Alivijua. Daktari alikuwa kwenye simu, na pale kwake walikuwa na mazoea hayo: mgonjwa akishalala kifudifudi, anahesabiwa godoro.

"Barua nimeshatuma," alisema Daktari. "Nimewaandikia kwamba mkono wake mzito, asiachiwe shingo ya mtu." Akasikiliza wa upande wa pili. "Si kweli, bwana. Ana mkono kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Lakini akiondoka, nani atanipapasia? Vidole vyangu siku hizi havisikii kitu."

Mshonaji alijaribu kuinuka, mgongo ukakataa. Chozi likapita tundu moja kwa moja, likadondoka karibu na kiatu.

"Daktari," alisema kutoka kule chini, "nilikukabidhi mtoto."

Viatu vikarudi nyuma hatua moja. "Mama? Kumbe ni wewe? Hujanielewa, mama yangu."

"Nimelala kifudifudi. Sijafa."

Mshonaji alijiburura kutoka kitandani, akamkuta binti mlangoni na bahasha ya picha, akamweleza yote pale pale. Binti hakulia. Alitazama mikono yake.

"Vidole vyake nilijua vimekufa," alisema. "Mwaka mzima. Ndiyo maana nilikuwa naandika kwa herufi kubwa, hadi sehemu ya kuweka kiganja, asije akaaibika mbele ya watu. Hata wewe sikukuambia."

Hilo ndilo lililomchoma mshonaji kuliko barua. Mtoto amemfunika mtu nguo, na mtu huyo huyo amemvua hadharani. Na nani alikuwa akihubiri subira kila jioni?

"Vua hilo koti lake la kazi," alisema. "Twende hospitali."

"Nikaseme nini, mama? Neno langu dhidi ya lake?"

"Usiseme. Mgongo ninao."

Mkuu wa kitengo, mwanamke mwenye miwani mizito, alikuwa na ile barua mezani. Alimtazama mshonaji aliyesimama kama ndoana, akaigeuza barua kifudifudi. "Haya, mlaze."

Tundu jingine, sakafu nyingine. Viatu vya binti vikasogea karibu, vikakaa imara. Vidole vikatembea juu ya uti, vikasimama pale penyewe, ambapo mshonaji hakuwa amemwonyesha mtu. Mfupa ukalia ko.

Ikaja sauti ya mkuu: "Njoo Jumatatu, saa mbili kamili. Na huyu mwalimu wako ana ugomvi gani na wewe?"

"Hana," binti alijibu. "Yote haya kanifundisha yeye."

Mshonaji aliusikia mgongo wake umenyooka, lakini hakuinuka upesi. Alikuwa anavitafuta sakafuni vile viatu vya kahawia, vilisikie jibu lile, na havikuwepo.