Kontrola ya Mti ya Bi Fusae

Asubuhi ya mazishi, Bi Fusae alifika kwenye ukumbi wa mazishi mjini Uji, Japani, na kontrola ya gemu ndani ya mkoba. Ilikuwa nyeupe, ya mwisho ambayo marehemu mumewe, Shigeharu, alibuni umbo lake kabla ya kustaafu. Alitaka mzee aende nayo mikononi. Msimamizi wa mazishi, Bwana Nishiwaki, aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akairudisha kwa mikono miwili vilevile.

"Mama, unisamehe. Plastiki haiingii kwenye tanuri la kuchomea mwili. Inayeyuka na kugandana na mifupa, nanyi ndio mtakaokuja kuiokota mifupa hiyo moto ukizimika."

"Kinaingia nini basi?"

"Maua. Karatasi. Nguo ya pamba. Mti pia."

Bi Fusae na binti yake, Chizuru, wakatazamana. Kitu cha mti kilikuwepo nyumbani.

Shigeharu alikuwa mchonga vielelezo. Kampuni za michezo ya video zilileta michoro kwenye karakana yao ndogo, naye akachonga kontrola ya mti ili wakubwa waishike kabla haijaingia kiwandani. Zamani zile zilikuwa bapa kama kiberiti, zenye pembe nne kali. Jioni moja Chizuru, akiwa darasa la tatu, alitoka kucheza gemu akaja mezani na alama nyekundu katikati ya viganja. Baba yake aliacha wali upoe, akavishika vile viganja, akavigeuzageuza.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Wewe, baba," mtoto akajibu, na mama yake akacheka hadi akapaliwa na chai.

Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeingia kwao akatoka hivi hivi. Kabla ya chai, alipewa donge la udongo, Shigeharu aone mkono wake unavyoshika. "Finya kidogo, kama unamshika mtu mkono." Muuza tofu alifinya. Hata mtawa wa hekalu, aliyekuja kuwasomea wazee waliotangulia, alifinya, na Shigeharu akatazama donge lake kwa masikitiko. "Mheshimiwa, wewe mtu wa sala, mbona unakaba hivi?" Mtawa akasema ni mazoea ya kubeba mwavuli.

Miaka ikapita, na pembe zikaviringwa. Kontrola zikaota mikia miwili ya kushikia, vidole vya shahada vikapata mahali pa kukaa kwa nyuma. Kila mara Shigeharu alirudi nyumbani akisema bado, kidole gumba bado kinajinyoosha mno. Vielelezo vyote vilibaki kwa wenyewe. Alichokileta nyumbani ni kimoja tu, alichokichonga baada ya kustaafu, baridi yabisi ilipokuwa imevipinda vidole vya mkewe. Alikaa naye barazani majira yote ya baridi, akipunguza, akimpa ashike, akipunguza tena.

"Wapi panauma?"

"Hapa. Na wewe unauma zaidi, kwa maswali yako."

Sasa Chizuru aliendesha gari kwenda kukichukua, na aliporudi hakukitoa upesi.

"Mama, kikiungua hakuna kingine. Wewe kila siku unakishika ukitazama habari."

"Ndiyo maana nataka kumpa. Nimpe kitu nisichokipenda?"

"Na wewe je, utashika nini?"

Bi Fusae akageukia jeneza. Usiku wote alikuwa amemwomba Buddha Amida ampokee mzee mikono yake ikiwa na kitu, maana hakupata kumwona amekaa mikono mitupu. Alisogea jenezani, akaondoa ua moja, akakiweka kile kipande cha mti viganjani mwa mumewe.

Kikakataa kukaa. Alikiinua, akakigeuza, akajaribu upande mwingine. Mikono ya Shigeharu ilikuwa mipana, na kila mbonyeo ulikuwa umechimbwa kufuata vidole vya Bi Fusae mwenyewe, vilivyopinda. Kidole gumba cha mzee kilining'inia hewani.

"Chizuru, tazama," alisema, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Kidole gumba kinajinyoosha mno. Angeamka anigombeze."

"Angesema bado."

"Angesema bado! Nitamwachaje mtu huyu aende na kitu kisichomkaa?"

Bwana Nishiwaki aliinamisha kichwa chini, mabega yakitikisika kidogo. Kisha akauliza polepole kama mzee alikuwa na tasbihi yake.

"Ya vioo," alisema Chizuru.

"Vioo navyo haviingii."

Bi Fusae akavua tasbihi kwenye kifundo cha mkono wake, ya mti wa mplamu, chembe zake zimelainika kwa sala za kila asubuhi. Aliizungusha kwenye mikono miwili ya mumewe, ikazunguka na kulala bila kubana. Akaingiza kidole chini ya uzi kuhakikisha, kama ambavyo Shigeharu mwenyewe angefanya.

"Sawa," alimwambia Nishiwaki. "Hii inamkaa. Funga."

Mtawa wa hekalu, aliyekuwa akisubiri pembeni, akaanza kusoma sala. Bi Fusae akasimama karibu na binti yake, kipande cha mti kifuani, vidole vyake vikiwa mahali pake.