Kadi za Mwezi wa Kumi na Sita

Drusilla Kwamboka alikuwa karani wa kadi za wagonjwa katika hospitali ya misheni karibu na Ekerenyo. Mwaka wa 1970 alizipanga upya zote kwa tarehe, akakwangua namba za zamani kwa wembe na kuandika mpya. Zilimshinda arobaini na moja tu, zilizotaja mwezi wa kumi na sita, wa ishirini, hata wa thelathini. Akamlaumu mpiga chapa, akazifungia kisandukuni.

Miaka miwili baadaye akaja Ongeri, mkulima wa Nyamarambe, kofia mkononi. Mkewe Bosibori alikuwa amefariki juzi, akiomba alazwe kando ya binti yao mchanga. Mtoto huyo alifia hospitalini hapo na kuzikwa uwanjani pake, Ongeri akiwa kibaruani Kericho mwaka huo wote. Sasa alitaka mifupa yake aipeleke nyumbani.

Kadi ya mtoto, kwa jina la mama yake, ilipatikana upesi: amefariki 4/7/1963.

"Tarehe nne, mwezi wa saba," Drusilla alisema.

Kitabu cha makaburi kiliandika miezi kwa majina. Julai nne: mtoto wa kike, kaburi la ishirini na mbili. Lakini akifunua kurasa akaona pia Aprili saba: mtoto wa kike, kaburi la tisa. Wote wawili hawakuandikwa majina.

Akafungua kile kisanduku. 5/16/1963. Kumbe Mei kumi na sita! Muuguzi wa Kimarekani aliyepiga chapa kadi enzi hizo alitanguliza mwezi. Karani aliyesaidiana naye alitanguliza siku. Mashine ya chapa ilikuwa moja, hivyo maandishi hayakuonyesha ni nani kati yao. Namba ya zamani ingeonyesha mtoto alipokelewa lini, kwani namba hizo zilifuatana kadiri wagonjwa walivyopokelewa. Akaielekeza kadi ya mtoto dirishani. Alikuwa amekwangua vizuri mno.

"Baba, makaburi ni mawili, sijui lake ni lipi."

"Hujui vipi, binti yangu? Si imeandikwa?"

"Imeandikwa. Mimi ndiye niliyeharibu."

Ongeri hakufoka. Aliomba aonyeshwe makaburi yote mawili. Akachuchumaa kwenye la tisa, akaenda la ishirini na mbili, akarudi.

"Nikichukua wa mtu mwingine," akasema, "wangu nitakuwa nimemwacha mara ya pili."

Akaondoka mikono mitupu.

Kesho yake Drusilla alikwenda Nyamarambe, akasimama nyuma ya waombolezaji. Bosibori alizikwa peke yake. Mama mmoja asiyejua yeye ni nani akamshika mkono, akamketisha, akampa ugali wa wimbi. Drusilla alimega tonge, akalishikilia mpaka likapoa.