Nilimzushia jirani yangu dawa kwa sababu alinizidi kwenye mashine ya karata

Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, mke wangu yumo humu na anasoma mpaka komenti.

Mimi ni mwanaume wa miaka 49, naishi Izia hapa Sumbawanga, kazi yangu ni kusaga mahindi kwenye mashine ya mtu. Nina mke na watoto wanne. Shule niliishia darasa la saba, mtanivumilia.

Kuna baa karibu na soko ina mashine ya karata, ile ya kioo. Inakupa karata tano, unazotaka unazishika, zingine unatupa inakubadilishia mara moja tu. Inalipa kuanzia pea ya jeki kwenda juu. Nimeicheza miaka mingi mchana nikitoka kazini, wakawa wananiita Profesa. Mtu akikwama anauliza, "Profesa, nishike nini hapa?" Msinicheke. Ni sehemu pekee duniani watu walikuwa wananiuliza kitu.

Sasa kuna jirani yangu, nimwite Shija, siyo jina lake. Ni Msukuma, walihamia huku na ng'ombe, ng'ombe wako kijijini Msanzi ila yeye na mkewe walipanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mkewe anauza maziwa, yeye na mke wangu wamependana kama ndugu. Mimi ndiye nilimpeleka Shija baa, nikamfundisha vitufe.

Alicheza siku mbili akaacha. Akanunua karata za dukani, akawa anakaa barazani anajigawia tano tano, anatupa, anachukua, jioni nzima. Mkewe anamtania, "Baba, hao kwenye karatasi wanatoa maziwa?" Aliporudi baa alikuwa mtu mwingine. Mfuko wa kulia anaweka maharage, kila mchezo mmoja anahamishia harage moja kushoto. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Ya kuhesabia, kaka. Yakiisha kulia naondoka. Mashine haichoki, mimi nachoka, nikichoka nacheza ujinga."

Siku hiyo akapata tano mbili na kingi mmoja, zingine takataka. Nikamwambia shika kingi, tano hata hazilipi. Akacheka. "Kingi mmoja wa nini kaka? Akiwa peke yake ni mzee tu kavaa kofia." Akashika tano zake, ikaja ya tatu. Baa nzima ikalipuka. Mhudumu akasema, "Profesa, leo umepata mwalimu!" Kuanzia hapo Profesa akawa Shija. Mimi wakaniita Mstaafu.

Niliumia jamani. Nikisikia anacheka huko barazani kwake, nafunga dirisha. Halafu mke wangu naye, ananipakulia chakula anasema, "Baba watoto, si umwombe Shija akuelekeze? Yule mwenzako anatumia akili." Chakula kilinishinda.

Nikamwomba kweli, kwa siri. Hakunificha kitu. "Shida yako unapenda karata kubwa. Una pea, lakini unabeba na ree, ile ya A, pembeni eti ikusaidie. Inakuzibia nafasi tu hiyo. Shika pea, tupa tatu. Na hata ucheze vizuri namna gani, mwisho mashine itakula, wewe unaichelewesha." Nilitamani angenificha, ningepata sababu ya kumchukia.

Siku moja zikamjia nane zote nne. Watu wakasimama, wanampiga mgongo. Mimi nikiwa kwenye kiti changu nikasema, tena taratibu, "Hivi mmeshajiuliza yale maharage ni ya nini?"

Basi. Mnaujua mji wetu na sifa zake za uchawi. Mama mwenye baa akaniuliza, "Mstaafu, una maana gani?" Nikajibu, "Mimi sijasema kitu. Muulizeni kayatoa wapi." Wakamkung'uta mfuko, maharage yakamwagika sakafuni, hakuna aliyekubali kuyafagia. Shija akanigeukia. "Kaka, waambie. Si unajua ni ya kuhesabia?"

Nikasema, "Nitajuaje mimi mambo yako?"

Haikupita wiki, maziwa ya mkewe hakuna anayenunua isipokuwa mke wangu. Watoto wakakatazwa kucheza kwake. Wakahama, wakaenda Msanzi kwenye ng'ombe wao. Mimi baa wakarudi kuniita Profesa. Nashika pea, natupa ree, nacheza kwa akili yake, na jina hilo nikiitwa bado nalisikia tamu. Mungu anisamehe.

Kumbe maneno yamewafuata. Juzi mkewe kampigia mke wangu simu analia. Wenyeji wa Msanzi wameitisha kikao Jumapili baada ya misa kuwaambia waondoke, na kuna vijana wanasema wasipoondoka watachoma nyumba. Mke wangu akakata simu, akaniangalia, "Ni shetani gani alimzushia yule kaka?" Nikamwambia sijui.

Nikaenda kuungama. Padre akaniambia msamaha upo, ila nifike Msanzi kabla ya kikao, niseme mbele za watu kwa mdomo huu huu.

Kesho kutwa ndiyo Jumapili. Naogopa mke wangu ataondoka. Naogopa wale vijana watanigeuzia mimi. Lakini kuna kitu hata padre sikumwambia, nawaambia nyie kwa kuwa hamnioni. Nikisimama pale haitoshi kusema hakuna dawa. Watauliza sasa alikuwa anashindaje, na itabidi nitamke mbele yake kwamba alikuwa ananizidi tu. Nimejaribu kulisema peke yangu chumbani, mdomo haufunguki.

Nishaurini ndugu zangu, nianze kwa mke wangu au niende Msanzi kimya kimya? Nitukaneni mtakavyo, lakini mnijibu kabla ya Jumapili.